Kwa Anayetaka Jimbo na Seneti kwa Pamoja

Ndugu zangu wa Runingu, wa Sange, wa Kiliba, na nyinyi wa Uvira mjini, kuna swali ambalo watoto wetu wenye elimu na wakubwa wetu wenye mali wamezoea kutuletea kila uchaguzi unapokaribia. Wanakuja jioni, wanaketi kwa adabu, wanauliza habari za mihogo na mpunga, kisha wanasema: "Wazee wangu, mnanishauri nini? Nigombee ugavana wa jimbo, au niombe kiti cha Seneti?" Nasi tunafurahi kwamba tumeheshimiwa. Tunaanza kupima pamoja naye. Seneti ina utulivu, ugavana una nguvu. Seneti ina Kinshasa, ugavana una msafara wa magari na askari. Tunapima mpaka usiku unaingia, na katika yote hayo hatumuulizi neno la kwanza: unataka kwenda kufanya nini huko?

Nasema haya nikiwa mmoja wenu, wala sina mtu mmoja ninayemlenga. Desturi imeshatuingia sote. Tumekubali kwamba kiti ni kiti, na mwenye bahati ni yule anayepata chochote kati ya vilivyopo. Mtu akikosa ubunge wa taifa tunamwambia ajaribu wa jimbo. Akikosa wa jimbo tunamtuliza kwa ahadi ya Seneti. Akipata vyote tunampigia vigelegele, kana kwamba kupata kazi mbili asizoweza kuzifanya kwa wakati mmoja ni baraka maradufu. Katika hili tumekosea, na kosa letu lina bei ambayo wanaoilipa siyo wale tunaowashangilia.

Tuanze na kazi zenyewe, maana tunazichanganya sana. Katiba ya nchi yetu ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, imezitenganisha waziwazi. Kifungu cha 104 kinasema seneta huwakilisha jimbo lake, lakini dhamana aliyopewa ni ya taifa. Kifungu cha 198 kinamweka gavana kwa muhula wa miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja tu, aongoze serikali ya jimbo. Kifungu cha 108 kinakataza mtu kukaa Seneti huku ameshika kazi nyingine ya kuchaguliwa. Na wote wawili, gavana na seneta, hawapigiwi kura na sisi wenyewe. Wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, na katika Kivu Kusini wabunge hao hawafiki 50. Neno hili tulishike, maana nitalirudia: watu wasiofika 50 ndio wanaoamua kwa niaba ya wilaya nane, kuanzia Shabunda mpaka Fizi, kuanzia Idjwi mpaka kwetu Uvira.

Sasa tuziangalie kazi hizi kwa karibu, hapa hapa Runingu, tusizitafute kwenye vitabu.

Mama mmoja ameamka alfajiri. Amefunga beseni la nyanya nyuma ya pikipiki na anakwenda soko la Uvira. Kabla hajafika Kiliba anakuta kamba imetandazwa barabarani, imefungwa kwenye mti upande huu na kwenye jiwe upande ule. Kijana aliyeketi kivulini ananyanyua mkono. Hasemi ni kodi gani, wala haandiki karatasi. Mama anatoa franka, mwenye pikipiki naye anatoa zake, kamba inalegezwa, wanapita, na mbele wanakuta nyingine. Akifika sokoni, faida ya nyanya imeshabaki njiani. Kamba zile ziko ndani ya jimbo. Watoza ushuru wa jimbo wanatumwa na serikali ya jimbo, na kodi za jimbo zinapitishwa na bunge la jimbo. Gavana mwenye nia anaweza kutia sahihi karatasi leo, akapiga simu, akaja mwenyewe kesho asubuhi akasimama pale bila kutangaza, akauliza: nani amekutuma? Kamba nyingine ni za watu wenye silaha, na hizo ni ngumu zaidi, lakini hata hizo gavana ana baraza la usalama la jimbo la kuzipeleka. Hiyo ndiyo kazi ya ugavana. Ni kazi ya mkono, ya kila siku, ya kugombana na watu unaowajua kwa majina.

Lakini barabara yenyewe, ile ambayo kamba imetandazwa juu yake, ni Barabara ya Taifa namba 5. Inatoka Lubumbashi, inapita Kalemie na Fizi, inapita Uvira, inapita hapa Runingu, inapanda Kamanyola na kwenda Bukavu. Matengenezo yake yako mikononi mwa taifa, na kuna mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, unaokusanya fedha kwenye kila lita ya mafuta tunayonunua. Gavana anaweza kulia, anaweza kuomba, anaweza kumwaga changarawe kwenye shimo moja. Mwenye haki ya kumsimamisha waziri na kumuuliza, fedha za mafuta yetu zimetengeneza kilomita ngapi Kivu Kusini mwaka huu, ni mbunge wa taifa na seneta. Katiba imewapa maswali ya mdomo na ya maandishi, imewapa tume za uchunguzi, na bajeti ya nchi haipiti bila nyumba zote mbili kuipigia kura. Hii ni kazi ya akili na subira. Inataka mtu wa kusoma makaratasi mazito usiku, akarudia swali lile lile mara nyingi mbele ya waziri anayetabasamu, bila kuchoka na bila kununuliwa.

Angalieni, ndugu zangu. Pikipiki moja, safari moja, beseni moja la nyanya, na ndani yake mna kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Yule anayesema "nitawatumikia popote nitakapowekwa" hajaiangalia hata moja kati ya hizo.

Na tukumbuke mto Mulongwe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto ule ulifurika ukaingia Uvira, ukabeba nyumba, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makao. Asubuhi ile watu walihitaji mtu wa kuwa pale: wa kufungua shule zipokee waliofukuzwa na maji, wa kutafuta mashine za kuondoa mawe, wa kuhesabu maiti kwa heshima. Hiyo ni kazi ya mwenye jimbo. Lakini baada ya miezi, matope yalipokauka, ilibaki kazi nyingine isiyopigwa picha: nani atapigania fedha za kujenga kingo za mto, nani atauliza kwa nini viwanja viligawiwa penye mapito ya maji na karatasi zikatolewa na ofisi za dola, nani ataliweka jambo hilo katika bajeti ya taifa mwaka unaofuata na mwaka mwingine tena. Ile kazi ya kwanza tunaikumbuka na kuidai. Hii ya pili hatuidai, kwa hiyo anayeiacha hapati aibu yoyote.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo lilipo jambo langu. Mambo mawili humzuia kiongozi asiharibu: hofu ya Mungu na haya mbele ya watu. La kwanza hatuwezi kulipima, analijua mwenyewe na Muumba wake. La pili linategemea sana mahali mtu anapolala. Gavana analala kati yetu. Akiiba, mke wake atasikia sokoni. Akidanganya, atakutana na aliowadanganya msibani. Bukavu, makao makuu ya jimbo, ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, utawala wa jimbo ulihamia hapa Uvira, na watu wa mtaani waliona kwa macho yao ofisi inafunguliwa saa ngapi na nani anaingia kwa mlango gani. Halafu Desemba ya mwaka huo vita vikafika Uvira kwenyewe, na kila mtu aliona nani alibaki na nani alikuwa ameshavuka Kavimvira kuingia Burundi. Gavana hana pa kujificha. Haya inamfuata mpaka mlangoni.

Seneta anaishi Kinshasa. Kati yake na sisi kuna safari ya ndege ambayo mama wa nyanya hataipanda maishani mwake. Anavaa vizuri, anaitwa Mheshimiwa, ana kinga inayozuia ashtakiwe bila idhini ya Seneti yenyewe, isipokuwa amekamatwa katika kosa. Akilala usingizi ndani ya kikao, hatujui. Akipiga kura dhidi yetu, hatujui. Miaka mitano inapita, anarudi na vitenge na fulana, nasi tunasema: "Karibu mtoto wetu, ulipotea." Sisemi kwamba maseneta ni wabaya kuliko magavana. Nasema kiti chao kinawaondolea ile haya ya kawaida inayotushika sisi wengine, kwa hiyo anayekitaka lazima awe ameshaibeba haya yake moyoni kabla hajapanda ndege. Mtu anayetenda haki kwa sababu jirani anamtazama, huyo akae karibu na jirani. Seneti si mahali pake.

Kwa hiyo mtoto wetu anapouliza achague nini, mimi ningemwambia hivi: mwanangu, jichunguze kwa ukweli. Ulipokuwa mtunza fedha wa shirika la kanisa na hakuna aliyekagua kitabu, kitabu kilikuwa safi? Ulipotumwa Bujumbura peke yako na fedha za ushirika, ulirudi na risiti? Kama ndiyo, basi unaweza kuaminiwa na kazi ya mbali. Kama ulihitaji kusimamiwa ili uwe mwaminifu, hilo si dhambi, wengi wetu tuko hivyo, lakini usiombe kazi isiyo na msimamizi. Na kama huwezi kuvumilia kutukanwa kila siku kwa mambo ambayo mengine hukuyasababisha, usiombe ugavana. Katiba, kifungu cha 175, imeahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yabaki huko huko yanakokusanywa. Tangu 2006 magavana wa kila chama wamelalamika kwamba hayabaki. Utaketi ofisini bila fedha, na walimu watakuja na madeni, na mto utafurika, na lawama zitakuwa zako. Anayekwenda kule akidhani amepewa ghala atageuka kuwa mwizi au mwongo kabla ya mwaka kwisha.

Jimbo letu limeyaona haya. Kati ya 2007 na 2010 tulipata magavana watatu, Célestin Cibalonza, Louis Léonce Muderhwa na Marcellin Cishambo, katika kipindi ambacho katiba ilikuwa imempangia mmoja. Théo Ngwabidje, aliyechaguliwa 2019, alipambana na bunge la jimbo mpaka jambo likafika mahakamani. Kila mara tuliambiwa ni hoja ya kutokuwa na imani, na huenda mara nyingine ilikuwa hoja ya haki. Lakini sote tuliokuwa tukisikiliza redio tulijiuliza pia ni bahasha ngapi zilizotembea, upande wa kumwondoa na upande wa kumbakiza. Mtu anayeingia ugavana kwa kununua kura za watu wasiofika 50 amewafundisha mwenyewe bei yake, na watu hao hao watamrudia kila mwaka kudai tena.

Na Seneti haikupona ugonjwa huo. Maseneta walichaguliwa tarehe 15 Machi 2019, na malalamiko ya kura kununuliwa yakawa makubwa kiasi kwamba siku tatu baadaye Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kuwekwa kwao kazini na uchaguzi wa magavana ukasogezwa mbele. Baadaye kusimamishwa kule kuliondolewa, wakaingia, na maisha yakaendelea. Ninachokumbuka ni kwamba katika vijiji vyetu hakuna aliyeshangaa. Tulisema, "Ndivyo wanavyofanya." Neno hilo, ndugu zangu, linanihuzunisha kuliko bahasha zenyewe. Mwizi anayeona aibu bado ana njia ya kurudi. Jamii iliyoacha kushangaa imemfungia hata hiyo njia.

Sasa niseme juu ya hawa wanaotaka vyote viwili. Sheria yetu inamruhusu mtu kugombea ngazi zaidi ya moja, kwa hiyo tunaona jina moja kwenye karatasi ya ubunge wa taifa na kwenye karatasi ya ubunge wa jimbo, picha ile ile, tabasamu lile lile. Kisha kuna wale wa kushika nafasi, wanaoitwa supleya. Mgombea anaandikisha watu wa kukalia kiti chake siku akiondoka. Na tangu marekebisho ya katiba ya Januari 2011, mbunge au seneta aliyeteuliwa kwenye kazi ya kisiasa isiyopatana na kiti chake hakipotezi kiti. Kinasimama tu, kinamngoja, naye akiondolewa kule anakirudia. Walioandika walikuwa na sababu zao, na sitaki kuwadhania mabaya. Lakini tazameni tunda lake kwetu. Tumezoea kuona supleya ni mke, au mtoto, au mdogo wa mgombea. Kiti cha watu kimekuwa mali ya nyumba moja. Baba anatoka, mama anaingia. Baba anarudi, mama anaondoka. Mpiga kura alipiga kura mara moja na akajikuta amechagua familia nzima.

Mwaka 2024 tuliona jambo hili katika ngazi ya juu kabisa. Waziri Mkuu Jean-Michel Sama Lukonde, aliyekuwa amechaguliwa mbunge wa taifa, alijiuzulu uwaziri mkuu mwezi Februari ili akalie kiti chake bungeni. Lilikuwa jambo la halali, na wengi walilisifu kwa kuwa aliheshimu sheria ya kuchagua kazi moja. Miezi michache baadaye alikuwa seneta wa Haut-Katanga, na Agosti akawa Rais wa Seneti. Nayo ni halali. Simhukumu, maana sijui mashauri aliyopewa wala moyo wake. Nauliza tu kwa niaba ya yule mkulima aliyempigia kura ya ubunge Desemba 2023 na kumtarajia bungeni miaka mitano: yeye aliulizwa lini? Sheria iliruhusu. Je, kuna aliyemwomba radhi?

Halali na uungwana si kitu kimoja. Tunalijua hilo nyumbani kwetu. Sheria haimkatazi mtu kuposa mahali pawili na kungoja aone wapi watakubali kwanza, lakini sisi tunamwita mtu huyo jina lake, na wazazi wa pande zote mbili wanamfungia mlango. Kwa nini tunalegea tunapofika kwenye uongozi? Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi alipasuka peke yake. Kiongozi wetu akipasuka, tunapasuka naye.

Majirani zetu wa Kenya wana mpango ambao unafaa tuutazame. Katiba yao ya 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na kila kaunti inamchagua gavana wake na seneta wake siku moja, kwa kura ya wananchi wenyewe. Mwanasiasa analazimika kuja na ombi moja. Katika kaunti ya Makueni, Mutula Kilonzo Junior alikuwa seneta tangu 2013, na Kivutha Kibwana alikuwa gavana tangu mwaka huo huo. Mwaka 2022 kila mmoja aliomba kazi ya mwenzake. Watu wakampa Mutula ugavana, na Kibwana, ambaye utawala wake ulisifiwa hata nje ya kaunti kwa mambo ya afya, wakamnyima Seneti. Sisemi walimtendea haki au hawakumtendea. Nasema aliulizwa kwa jambo moja na akajibiwa kwa jambo moja, na hakuwa na kiti kingine alichokificha nyuma ya mke wake. Huko huko Kenya, katika kaunti ya Nairobi, Mike Sonko alikuwa seneta mpaka 2017, kisha gavana, na Desemba 2020 Seneti ile ile aliyokuwa amekaa ndani yake ikamhukumu na kumwondoa. Kazi hizi mbili zilikusudiwa zitazamane hivyo. Seneti inapojaa watu wanaousubiri ugavana, na ugavana unaposhikwa na watu wanaojiandalia kiti laini cha Seneti, hakuna wa kumwambia mwenzake kweli.

Nigeuke upande wetu, maana itakuwa dhuluma kuwakemea wakubwa na kujiacha. Mtoto wetu anapochagua vibaya, mara nyingi anachagua tulivyomfundisha. Tunapomtembelea gavana tunabeba nini? Tunabeba ada ya shule, tunabeba jeneza la ndugu, tunabeba mtoto anayetaka kazi. Hatubebi swali la kamba barabarani. Na seneta anaporudi kutoka Kinshasa tunampokea kwa ngoma, halafu tunapanga mstari. Hakuna anayemwambia, "Mheshimiwa, ulisema nini kikaoni juu ya barabara yetu, na ulijibiwa nini?" Tungeuliza hivyo mara moja tu, wengi wasingeomba kiti kile tena, na wale wachache wanaokifaa wangejulikana.

Lipo pia hili la makabila, ambalo tunalinong'ona na hatulisemi. Katika jimbo letu, uchaguzi wa gavana unageuka haraka kuwa hesabu: wao wamepata, sasa zamu yetu, tukinyimwa ugavana basi tupewe Seneti, ili mizani ikae sawa. Hesabu hii haikai hata kwa namba zake. Jimbo lina wilaya nane na maseneta wanne. Wilaya nne zitakosa kila mara, hata tukigawana kwa haki ya malaika. Ina maana seneta wa Kivu Kusini lazima awe wa Mwenga na wa Kalehe kama alivyo wa Uvira, au sivyo nusu ya jimbo haina mtu. Ukimpeleka mtu Seneti kama fidia ya kabila lililokosa ugavana, umempeleka akiwa na kinyongo badala ya kazi. Na sisi tunaoishi bonde hili la Ruzizi, ambao tumezika watu wetu kwa sababu ya hesabu za namna hiyo, tunapaswa kuwa wa mwisho kuzipeleka bungeni.

Katika Kitabu cha Waamuzi imo hadithi ya miti iliyotaka kujichagulia mfalme. Wengi wetu tuliisikia makanisani tukiwa wadogo. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, kila mmoja kwa sababu ulikuwa na kazi yake na uliijua. Mti wa miiba ndio uliokubali mara moja, bila kuuliza ufalme ni kazi gani. Nimekuwa nikiitafakari hadithi ile siku hizi. Ile miti mitatu haikukataa kwa uvivu. Ilikataa kwa sababu ilijua matunda yake yanatoka wapi. Tunao watu wa namna hiyo kati yetu: mwalimu anayejua sheria na asiyependa msafara wa magari, daktari aliyeongoza hospitali wakati wa vita na hakukimbia. Wakija kutuuliza, tuwajibu kwa uzito, maana wao ndio wanaouliza kwa kweli. Yule mwalimu tumwambie, Seneti inakufaa, nenda ukasome bajeti. Yule daktari tumwambie, jimbo linakufaa, umeshazoea kuamshwa usiku.

Na kwa yule ambaye mlango mmoja umeshafunguka na anautazama wa pili, nasaha yangu ni fupi. Chagua kabla ya kulazimishwa. Sema hadharani, mbele ya wale waliokutuma, kwa nini unaacha hiki na kushika kile, na kama sababu haisemeki hadharani, basi umeshajua kwamba ni mbaya. Andika barua ya kujiuzulu yenye tarehe. Kiti unachokiacha usikiache kwa mtu wa nyumbani mwako. Aliyefanya hivyo, hata tukimlaumu kwa kutuacha, tutamsalimia njiani bila kinyongo.

Wabunge wetu wa jimbo, nyinyi msiofika 50, sina namna ya kuwasimamia ndani ya chumba cha kura. Mnaingia peke yenu na karatasi. Lakini mlitoka kwetu. Kabla hamjampigia mtu, mleteni huku, Sange au Runingu au Luvungi, siku ya soko, aje na supleya wake wasimame pamoja mbele ya watu. Tumuulize anaomba kazi ipi kati ya hizi mbili, na ya pili ameiacha lini. Akijibu kwamba yuko tayari kwa yoyote, mwambieni arudi nyumbani kwanza, na kura yake mpeni mwingine.